Mshenga wa Maikrofoni ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alipopoteza sauti, alinunua kengele ya baiskeli. Baiskeli hakuwa nayo.

Sababu ya kengele ilikuwa mimi. Kwetu Rungwe, kwa desturi ya Kinyakyusa, mke wa mwanao hakuoni na wewe humwoni. Hampeani mkono, hamsemeshani, hamkai chumba kimoja. Mkikaribia kukutana njiani, mwanamke ndiye anayeacha njia, hata kama ana ndoo ya maji kichwani. Wachungaji walikuwa wamehubiri dhidi ya jambo hilo tangu enzi za babu zetu, na miaka ile ya soko huria wenzangu wengi wa Tukuyu mjini walikuwa wanakula meza moja na wakwe zao na hakuna aliyepatwa na kitu. Baba mkwe, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alisema Injili ililetwa kuokoa roho, haikutumwa kuingilia mambo ya mkwe. Mimi nimezaliwa Suma, nimelelewa humo humo, kwa hiyo sikubisha.

Zamani alikuwa anakohoa. Kikohozi chake kilijulikana kijijini kwetu Lufingo nzima, na nilipokisikia nilikuwa na muda wa kutua mzigo na kuingia migombani kwa heshima zangu. Halafu koo likaanza kumsumbua, akapasuliwa, akarudi mzima wa afya ila sauti imebaki ya kunong'ona. Kikohozi nacho kikaenda na sauti. Siku chache baadaye tukagongana uso kwa uso kwenye kona ya zizi. Yeye alijifunika kwa kofia. Mimi nilijifunika kwa kitu nilichokuwa nacho mkononi, nacho kilikuwa ungo wa maharage, na maharage yote yakaenda kwa kuku. Kesho yake akanunua kengele, akawa anatembea nayo mfukoni na kuipiga kila anapokaribia kona.

Nyumba yetu iko kando ya barabara ya kwenda kwenye mashamba ya chai. Vibarua wanapita na baiskeli, wauza maziwa wanapita na baiskeli, wanakwaya wanapita na baiskeli, na kila mmoja ana kengele. Sikuwa na namna ya kujua ipi ni ya mkwe na ipi ni ya maziwa. Kwa hiyo nilikuwa naingia migombani kwa wote. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti cha ufundi, nachuchumaa kwenye upupu kumstahi muuza maziwa. Kengele ile niliichukia kwa moyo wote, na niliapa siku nikiipata itakunywa maji ya mto.

Lakini msiba wake mzee haukuwa kengele, ulikuwa mnada. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya mavuno, watu huleta kanisani walichojaliwa, kuanzia mikungu ya ndizi, magimbi na maharage hadi kuku, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada uwanjani ili kanisa lipate chochote. Baba mkwe ndiye aliyekuwa mnadi tangu mume wangu hajazaliwa. Alikuwa na uwezo wa kumuuzia yai mtu mwenye banda la kuku, kisha kumtia aibu mpaka alirudishe madhabahuni, kisha kumuuzia tena yai lile lile. Watu walitoka Matwebe kwa miguu kuja kunyang'anywa namna hiyo. Bila ule mnada alikuwa mzee wa kawaida mwenye migomba na vichaka vya chai.

Sasa baraza la wazee lilikuwa limempata mwinjilisti kijana mwenye mapafu ya kutosha. Walimwambia mzee kwa upole kwamba mavuno yanayokuja ajaribu, ila asiposikika, ampokeze kijana. Alirudi nyumbani, akakaa barazani akiutazama ukuta hadi giza likaingia. Nilimchungulia kupitia upenyo wa mlango wa jikoni, na nilimwonea huruma sana, pamoja na yote ambayo kengele ilikuwa imenifanyia.

Enzi zile kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa isipokuwa kuwa na kazi. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya simu Mbeya, hadi tulipopunguzwa kundi zima na kuambiwa ni kwa manufaa ya uchumi. Nikarudi kijijini kulima. Upande wa pili, maduka ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu na picha ukutani sasa yalijaa redio, saa na mashine ambazo hata muuzaji hakujua zinakula nini. Mzee akauza ng'ombe, akampa dereva wa lori la Tunduma fedha, na lori likarudi na amplifaya ya kutumia betri ya gari, pamoja na spika mbili za tarumbeta. Maikrofoni aliazima kanisani. Ilikuwa imeachwa na wageni wa Ulaya zamani, ya aina ile yenye kipande cha fuwele ndani, na ilikuwa imelala kwenye kabati la mvinyo wa meza ya Bwana kwa miaka mingi.

Wakaviunganisha, yeye na mwanawe, barazani. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na ya mbali, kama mtu anayegombana na mkewe kijiji cha pili. Wakafungua amplifaya hadi mwisho. Mtu wa kijiji cha pili akaendelea kugombana vile vile, sasa katikati ya mvua kubwa.

Nyumba nzima ilijua kwamba mtu pekee anayeweza kutibu kitu kile alikuwa mimi. Na mimi ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kukaribia.

Lazima niseme kidogo kuhusu mume wangu, maana yeye ndiye aliyekuwa waya kati yetu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hawezi kupeleka ujumbe bila kuufafanua. Nilimtuma, "Kamuulize baba, akisema karibu na maikrofoni inakwaruza au inapungua?" Akaenda, akarudi. "Baba anasema kwa ujumla hali hairidhishi." Nikamtuma tena. Akarudi akasema baba anashukuru kwa juhudi zinazoendelea. Nikamwambia mimi sikuomba hotuba ya mgeni rasmi, nataka kujua kama inakwaruza. Akasema nisimkoromee, yeye anajaribu kujenga uelewano.

Ikabidi nikaikague mwenyewe. Mpango wake ulichukua muda kuliko kazi. Mzee alitoka mlango wa nyuma akapiga kengele kuonyesha ametoka. Mimi nikaingia mlango wa mbele nimejifunika khanga hadi puani. Yeye akasimama nje ya dirisha, amelipa mgongo. Mume wangu akasimama ndani ya dirisha, katikati yetu. Kutoka kwangu hadi kwa mzee palikuwa na hatua chache na ukuta wa matofali mabichi, kwa hiyo mimi nilisikia kila alichonong'ona, naye alisikia kila nilichosema. Lakini kisheria tulikuwa hatujasikia. Kila neno lilisubiri hadi mume wangu alichukue, aligeuze upande, na kulifikisha likiwa limechakaa.

Nikapima nikaona tatizo. Nikasema, kwa sauti ya kutosha kuvuka dirisha, "Mwambie baba hivi. Hii maikrofoni ina nguvu kidogo mno, na ukinzani wake ni mkubwa. Mlango wa amplifaya una ukinzani mdogo, unanyonya sana. Ni sawa na kumwekea ndama mkubwa ng'ombe mwenye maziwa ya kikombe kimoja. Ndama anavuta, ng'ombe anakauka, na hakuna anayeshiba. Tunahitaji kitu cha kukaa katikati. Upande wa maikrofoni kiombe kidogo, upande wa amplifaya kitoe kwa nguvu. Kinaitwa priampu."

Mume wangu akageukia dirisha. "Baba, anasema kuna pengo la mawasiliano baina ya pande husika."

Halafu nikasikia mnong'ono wa mzee, mkavu kama majani ya mgomba. "Gwe mwanangu, nyamaza kidogo. Muulize mkeo. Ni mshenga anayemtaka?"

Nilifurahi nusura nimjibu mwenyewe. Alikuwa ameelewa kitu ambacho sisi chuoni kilitutoa jasho. Mtu huwezi kwenda mwenyewe kuchumbia na kupayuka ukumbini kwa watu. Anatangulia mshenga, anaongea kwa adabu upande mmoja na kwa uzito upande mwingine. Nikasema, "Mwambie baba ndiyo, ni mshenga kabisa."

"Ndaga fijo," mzee akanong'ona, yaani asante sana, na akaenda zake. Sikujua kwamba kwa jibu lile nilikuwa nimejichimbia shimo.

Kwenda Mbeya kununua walikwenda wao wawili, kwa kuwa mimi na mkwe hatuwezi kupanda gari moja. Nilimkaririsha mume wangu usiku na asubuhi kama mtoto wa kipaimara: iwe ya maikrofoni, mlango wa kuingilia uwe na ukinzani mkubwa sana, kufikia megaomu. Aliweza kukariri. Tatizo ni kwamba hakuulizwa. Walipofika kwenye duka la vifaa vya mitumba, mzee alivuta kiti, akakaa mbele ya muuzaji, akaanza kuuliza maswali ya mshenga, na mume wangu akawa anayapaza kwa sauti kwa sababu muuzaji hamsikii mzee.

Muuzaji alileta kadude kadogo kapya kanakong'aa. Kwa maelezo niliyopewa baadaye, ndicho hasa nilichokitaka. Mzee alikatazama, akauliza kametoka wapi. Akaambiwa kametengenezwa na kampuni ile ile iliyotengeneza amplifaya yake. Akakarudisha. Mshenga aliye ndugu wa upande mmoja, alisema, atapendelea. Halafu ni kijana mno, hana hata mvi moja, nani atamheshimu?

Kikaletwa kingine chenye vifundo vingi na taa za rangi. Mzee akasema huyu ni mlevi.

Mwisho muuzaji, ambaye nadhani alishakata tamaa na maisha, akatoa nyuma ya duka sanduku zito lenye ubavu wa mbao, limechakaa kwa staha. Mzee akauliza limewahi kufanya kazi wapi. Kwa daktari mmoja mzungu wa misheni aliyerudi kwao, akaambiwa. Je, liliondoka kwa ugomvi? Hapana, daktari alistaafu. Lina kelele? Muuzaji akasema liko kimya kabisa. Mzee akasimama, akalipigapiga begani, yaani pale ambapo bega lingekuwa, akalipa bei bila kubisha sana kwa kuwa mshenga habishaniwi bei.

Walipolileta nililifungua mezani. Niliangalia mlango wa kuingilia, nikaangalia vipande vya ndani, nikakaa chini. Lilikuwa priampu la santuri. Halikutengenezwa kwa maikrofoni hata kidogo. Lilitengenezwa kwa sindano ya gramafoni ya daktari, ili asikilize nyimbo zake jioni. Ukinzani wake haukufika hata sehemu ya kumi ya ule nilioutaka. Nilikasirika nikasahau desturi, nikasema moja kwa moja kuelekea dirishani, "Mume wangu, mwambie baba huyu mshenga wake amezoea kuposea nyumba nyingine kabisa, na hapa atatuaibisha mbele ya watu."

Mume wangu alifungua mdomo kufafanua. Mnong'ono wa nje ukamkatiza. "Mwambie amjaribu kwanza. Hata mimi nilikataliwa mara ya kwanza kwa mama yako."

Mavuno yalikuwa Jumapili, siku ya kurudi Mbeya haikuwepo. Nikaweka betri za tochi, nikachoma waya, nikaunganisha nikijua ni kazi bure. Mzee alikuwa barazani na maikrofoni, mimi ndani na sanduku, mlango umefungwa. Akanong'ona maneno yake ya siku zote: "Mkungu huu wa ndizi, nani anaanza?"

Maneno yalitoka kwenye matarumbeta makavu, wazi, kila herufi mahali pake. Yakavuka bonde. Mbwa wakanyamaza. Kisha kutoka kilima cha ng'ambo, ambako kulikuwa na jirani anayepalilia, ikaja sauti ya mtu akitaja bei.

Mzee akamjibu kwamba hiyo bei ni matusi kwa mgomba. Jirani akapandisha. Ilibidi mume wangu akimbie ng'ambo kueleza kwamba hakuna mkungu, ni majaribio, na jirani alinuna hadi Krismasi.

Mimi nilikaa na penseli mchana mzima, maana jambo likifanikiwa bila ruhusa yangu huwa siwezi kulala. Mwisho nikaelewa. Mlango wa lile sanduku ulikuwa mdogo kwa maikrofoni ya fuwele, kwa hiyo sauti nzito zilikuwa zinakatika zikiingia. Lakini santuri hurekodiwa zikiwa zimepunguzwa sauti nzito, na kazi ya priampu la santuri ni kuzirudisha. Kosa la kwanza lilikuwa linakata, kosa la pili linarudisha, na kilichobaki kikawa sauti ya mzee, safi kuliko aliyokuwa nayo kabla ya kupasuliwa. Hakuna fundi mwenye akili timamu ambaye angelichagua. Lilichaguliwa kwa sababu ya mvi.

Nikamtuma mume wangu ampe baba maelezo yote. Kwa mara ya kwanza alifupisha. "Baba, anasema imefanya kazi kwa makosa mawili."

"Ndivyo washenga walivyo," mzee alinong'ona. "Angekuwa anasema kweli kwa pande zote mbili, nani angeolewa?"

Jumapili ile uwanja ulijaa. Mwinjilisti kijana alikuwa amesimama pembeni na suti yake, amekunywa maji ya tangawizi, yuko tayari. Mimi nilikaa mwisho kabisa upande wa kina mama, nyuma ya mwimbaji mmoja wa kwaya mwenye mwili wa kutosha, ili mkwe asinione. Kimoyomoyo mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya betri; niliomba waya nilizochoma zisiniangushe.

Mzee alipanda jukwaani. Akanyanyua yai. Akanong'ona, na mnong'ono ukajaa uwanja, ukaenda hadi barabarani. Mtu hawezi kubishana na mnong'ono. Zamani alipokuwa anapaza sauti watu walikuwa wanacheka na kujificha. Sasa ilikuwa kama anamwambia kila mmoja sikioni anajua ana nini mfukoni. Yai lile liliuzwa, likarudishwa, likauzwa, hadi mwenye banda la kuku akatoka uwanjani kupunga upepo. Mwinjilisti alivua koti. Kisha akaingia kwenye umati akanunua magimbi kama watu wengine, na nikajua kwamba mzee amebaki na nafasi yake. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa khanga ya mwimbaji.

Nilidhani mambo yameisha. Lakini mzee akatia mkono mfukoni, akatoa kengele ya baiskeli. Akaipiga mara moja mbele ya maikrofoni, na kwa mazoea nikaanza kuchuchumaa.

"Na hii naitoa kwa Bwana," akasema. "Sauti nimepewa. Nani anaanza?"

Muuza maziwa akaanza, kengele yake ilikuwa imevunjika. Kitu kikanipanda kichwani. Nikaona maharage yangu, nikaona upupu wote wa mwaka ule, nikakumbuka kiapo changu cha mto. Nikanyoosha mkono. Muuza maziwa akapandisha. Nikapandisha. Mwimbaji aliyenikinga alisogea pembeni ili aone vizuri, nikabaki wazi uwanjani, na uwanja mzima ukanigeukia, kwa sababu watu waligundua kabla yangu nilichofanya. Mnadi lazima amtaje anayeongoza. Mume wangu alikuwa mbali, upande wa wanaume, ameshika kichwa.

Mzee aligeuka akaangalia migomba. Muuza maziwa, mtu mwenye busara, alishusha mkono wake.

"Imekwenda," akasema baba mkwe, kwa matarumbeta yote mawili, bado ametazama migomba, "kwa mkamwana wangu. Fundi."

Sauti ilikwenda Lufingo yote ikarudi kutoka kwenye kilima. Mpaka leo sijui kama ile ilihesabika kuwa amenisemesha, maana kuna waliosema alilisemesha bonde, na mimi nilikuwa bondeni. Sikumjibu. Sikuwa na maikrofoni.

Jumatatu nilikwenda hadi mtoni na kengele mkononi, nikarudi nayo. Mzee hakuwa tena na cha kujitambulishia, wala hakununua kingine. Basi nikawa mimi ninayepiga kengele, na yeye ndiye anayeingia migombani. Alikuwa mzee tayari na miguu yake haikuwa ya kukimbia, kwa hiyo nilikuwa naanza kuipiga mapema, tangu kwenye daraja la magogo, mbali na nyumba, ili apate muda.